Kapasita kwenye Spika za Gari: Mwongozo Kamili wa Kuchuja Sauti za Chini

Spika ya mlangoni yenye kipenyo cha sentimita 10, 13 au hata 16 inapoletewa besi nzito, koni yake hutembea mbele na nyuma kwa umbali ambao haikuundwa kuumudu. Dalili huanza kusikika mapema: sauti ya mwimbaji hutetemeka kila ngoma inapogonga, baadaye hukwaruza, na hatimaye koili iliyo nyuma ya koni hujigonga kwenye sumaku au huungua. Sababu yake ni ya kimaumbile. Ili spika itoe sauti ya ukubwa uleule, kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) yanaposhuka hadi nusu, koni hulazimika kutembea umbali mara nne zaidi. Spika inayopiga hezi 200 kwa utulivu ingehitaji mwendo mara 16 zaidi ili ipige hezi 50 kwa ukubwa huohuo wa sauti. Spika ndogo haina nafasi ya mwendo wa namna hiyo, na ndiyo maana kazi ya besi huachiwa sabufa, yaani spika kubwa ya besi.

Kapasita moja iliyofungwa kwenye waya wa spika huiondolea spika hiyo sehemu kubwa ya mzigo. Kazi yenyewe ya kufunga huchukua muda mfupi, lakini wengi huikosea kwa sababu huchukua kapasita yoyote waliyoiona mahali bila kukokotoa thamani yake, au hutumia aina isiyofaa kabisa. Mwongozo huu unatilia mkazo mambo hayo mawili, kwa kuwa waya uliofungwa vizuri kwenye kapasita isiyo sahihi hauna faida yoyote.

Namna kapasita inavyochuja

Kapasita huzuia umeme usiobadilika na hupitisha umeme unaobadilika, lakini haipitishi masafa yote kwa wepesi sawa. Kadiri masafa yanavyoshuka, ndivyo ukinzani wake unavyopanda. Chukua kapasita ya maikrofaradi 220 (maikrofaradi ni kipimo cha thamani ya kapasita). Kwa sauti ya hezi 1,000 ukinzani wake haufiki hata omu 1, hivyo sauti hiyo hupita karibu yote. Kwa hezi 181 ukinzani wake ni omu 4, kwa hezi 90 ni takribani omu 8, na kwa hezi 45 ni takribani omu 16. Ikifungwa kwa mfuatano na spika ya omu 4, yaani umeme ukipita kwenye kapasita kisha kwenye spika, spika na kapasita hugawana volti, na kapasita huchukua fungu kubwa zaidi kila sauti inavyozidi kuwa nzito.

Mahali ambapo ukinzani wa kapasita unalingana na ule wa spika panaitwa masafa ya ukomo. Hapo spika hupata nusu ya nguvu ambayo ingeipata bila kapasita, yaani pungufu ya desibeli 3. Kwa mfano wetu, ikiwa redio inatoa wati 20, spika hupata wati 10 kwenye hezi 181, wati 4 kwenye hezi 90, na kidogo zaidi ya wati 1 kwenye hezi 45. Utaona kwamba besi haikatiki ghafla. Hupungua kwa mteremko wa desibeli 6 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka hadi nusu, na mteremko huo ni mpole. Anayefunga kapasita akitarajia ukimya kamili chini ya masafa aliyoyachagua atadhani amekosea, kumbe chujio lake linafanya kazi ipasavyo.

Kabla ya kununua chochote

Chunguza kwanza kama redio yako au amplifaya yako ina chujio lake la ndani. Amplifaya nyingi za gari zina swichi ya kuruhusu masafa ya juu peke yake, iliyoandikwa HPF, pamoja na kitufe cha kuchagua masafa ya ukomo, na redio nyingi za kisasa zina mpangilio kama huo kwenye menyu ya sauti. Machujio hayo kwa kawaida huwa na mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu au zaidi, na unaweza kuyarekebisha bila kufungua mlango. Kama unalo, litumie, na uiache kapasita kwa ajili ya twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu. Kapasita ina nafasi yake pale ambapo redio haina chujio, au pale ambapo spika mbili tofauti zinapokea sauti kutoka njia moja ya amplifaya na moja tu ndiyo inayotakiwa kuchujwa.

Pia usichanganye kapasita ninayoizungumzia hapa na ile kubwa ya faradi 1 au zaidi inayofungwa kwenye nyaya nene za betri karibu na amplifaya. Ile husaidia kusawazisha volti ya umeme unaoingia kwenye amplifaya. Haihusiani na kuchuja sauti na haipaswi kuunganishwa na waya wa spika hata kidogo.

Kuujua ukinzani wa spika

Hesabu yote inategemea ukinzani wa spika, kwa hiyo usiukisie. Tazama nyuma ya sumaku, ambapo mara nyingi pameandikwa omu 4. Spika nyingi za gari ni za omu 4, baadhi ni za omu 2 au 3, na chache ni za omu 8. Kama maandishi yamefutika, tenganisha nyaya zote mbili na upime ncha za spika kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa kwenye kipimo cha omu. Kipimo hicho huonyesha ukinzani wa waya wa koili peke yake, nao huwa chini kidogo ya ule unaotajwa na mtengenezaji. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma kati ya 3 na 3.8, kwa hiyo ukipata 3.4 usidhani kwamba spika imeharibika. Ichukulie kuwa ya omu 4.

Kama spika mbili za omu 4 zimeunganishwa sambamba kwenye waya mmoja, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa pamoja zinakuwa omu 2. Unaweza kuzichuja zote kwa kapasita moja ukikokotoa kwa omu 2, lakini mimi hupendelea kila spika ipewe kapasita yake, kwa sababu spika moja ikifa, chujio la nyingine halibadiliki.

Kukokotoa thamani

Kanuni ni nyepesi. Chukua 159,155, ugawe kwa zao la masafa ya ukomo na ukinzani wa spika, nawe utapata thamani ya kapasita katika maikrofaradi. Tuseme unataka ukomo wa hezi 150 kwa spika ya omu 4: 150 mara 4 ni 600, na 159,155 ukigawa kwa 600 unapata takribani maikrofaradi 265. Kwa spika ya omu 2 thamani huongezeka maradufu, na kwa spika ya omu 8 hupungua kwa nusu.

Thamani kama 265 huikuti ikiuzwa, kwa kuwa kapasita hutengenezwa kwa ngazi maalumu. Kwa spika ya omu 4, kapasita ya maikrofaradi 470 huweka ukomo karibu na hezi 85, ya 330 karibu na 120, ya 220 karibu na 181, ya 100 karibu na 400, na ya 47 karibu na 850. Ukitaka thamani iliyo katikati, funga kapasita mbili sambamba, kwani zikifungwa hivyo thamani zake hujumlishwa: 220 na 47 hukupa 267, yaani karibu kabisa na hezi 150 tulizozitaka. Zikifungwa kwa mfuatano thamani hupungua, na mbili zinazolingana huwa nusu ya moja.

Sasa, ni masafa gani ya kuchagua? Hapa ndipo hesabu ya vitabuni na hali ya garini hutofautiana, nami naomba msomaji asipapite haraka. Ukinzani wa spika si omu 4 kwa masafa yote. Kila spika ina masafa yake ya asili ambapo koni hupenda kutetemeka yenyewe, na hapo ukinzani wake hupanda mara kadhaa. Tuseme spika yako ya mlangoni hutetemeka kwa asili kwenye hezi 80 na ukinzani wake hapo unafika omu 20. Ukiifungia kapasita ya maikrofaradi 330, kanuni inasema kwamba kwenye hezi 80 spika itapata takribani asilimia 55 ya volti. Lakini kapasita hiyo ina ukinzani wa omu 6 tu kwenye hezi 80, na omu 6 mbele ya omu 20 ni kidogo sana, hivyo spika itapata zaidi ya asilimia 90 ya volti, na koni itaendelea kuruka karibu kama zamani. Hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kulalamika kwamba kapasita haikubadilisha kitu.

Dawa yake ni kupandisha ukomo. Weka masafa ya ukomo angalau mara mbili ya masafa ya asili ya spika, na kama sabufa ipo, usiogope kupanda zaidi. Kwa spika za sentimita 16 hezi 120 hadi 180 hufaa. Kwa zile za sentimita 13 anza na 180. Na kwa spika ndogo za sentimita 9 au 10 za kwenye dashibodi nenda hezi 300 hadi 400. Ikiwa gari halina sabufa, kumbuka kwamba kila unachokiondoa kwenye spika hakitatoka mahali pengine, hivyo ukomo wa juu mno utaliacha gari na sauti nyembamba.

Aina ya kapasita

Sauti inayotoka kwenye redio ni umeme unaobadilisha mwelekeo mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita ya kawaida ya elektroliti, ile yenye ncha ya chanya na ya hasi na mstari uliochorwa ubavuni, imeundwa kwa umeme wa mwelekeo mmoja. Ukiiweka kwenye waya wa spika hupata umeme wa kinyume nusu ya wakati wote. Hupata joto, huvimba, thamani yake huharibika, na inaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo kapasita ya spika lazima iwe isiyo na chanya wala hasi. Za elektroliti za aina hiyo huandikwa NP au BP ubavuni, na ndizo zinazopatikana kwa thamani kubwa kama 220 au 470. Za filamu ya plastiki hazina chanya wala hasi kwa asili yake, ni sahihi zaidi na hudumu muda mrefu, lakini zikiwa na thamani kubwa huwa nene mno kwa mlango wa gari. Ninashauri filamu kwa twita na elektroliti ya NP kwa spika za kati.

Ukikosa kabisa ya NP, unaweza kuchukua kapasita mbili za kawaida zinazolingana na kuzifunga kwa mfuatano, hasi ya moja ikigusa hasi ya nyingine, kisha ukatumia ncha mbili za chanya. Mbili za 470 hukupa 235. Njia hii hufanya kazi, ila naiona kuwa ya dharura na ni bora kuibadilisha mara upatapo kapasita inayostahili.

Volti inayoandikwa kwenye kapasita ni kiwango cha juu inachostahimili. Redio ya gari isiyo na amplifaya haizidi volti kumi na kitu, na amplifaya inayotoa wati 100 kwenye omu 4 hufikia volti 28 kwenye kilele cha wimbi. Kapasita ya volti 50 inatosha kwa hali nyingi. Kwa amplifaya kubwa chukua ya volti 100. Volti ikizidi mahitaji hakuna madhara, isipokuwa umbo huwa kubwa zaidi. Kwenye kapasita ndogo za filamu thamani huandikwa kwa tarakimu tatu: 475 ni maikrofaradi 4.7 na 106 ni maikrofaradi 10, na herufi inayofuata huonyesha kiasi cha kukosea, J ikiwa asilimia 5, K asilimia 10 na M asilimia 20. Kwa spika za kushoto na kulia, pima kapasita kadhaa kwa multimita yenye kipimo cha maikrofaradi na uchague mbili zinazokaribiana.

Kufunga

Zima gari, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha unaijua namba ya siri ya redio kama inayo, maana baadhi huiomba umeme unaporudi. Fungua kava ya ndani ya mlango kwa utaratibu, ukianza na bisibisi kwenye skrubu zilizofichwa nyuma ya mpini na chini ya vifuniko vidogo, ndipo uvute vishikizo vya plastiki kimoja kimoja. Toa spika na uchomoe nyaya zake.

Tambua waya wa chanya. Kwenye redio nyingi zinazonunuliwa kando, nyaya za mbele kushoto ni nyeupe, mbele kulia ni kijivu, nyuma kushoto ni kijani na nyuma kulia ni zambarau. Wenye rangi tupu ni chanya, na wenye mstari mweusi ni hasi. Nyaya za kiwandani hufuata rangi za mtengenezaji wa gari, kwa hiyo tazama alama kwenye spika yenyewe. Ikiwa alama haipo, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika kwa sekunde moja: koni ikisogea nje, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Jaribio hili lifanyike kabla ya kufunga kapasita na kwa spika ya koni peke yake, si kwa twita.

Kata waya wa chanya karibu na spika na umenye ncha zote mbili kiasi cha sentimita moja. Lehemu ncha inayotoka kwenye redio kwenye mguu mmoja wa kapasita, na ncha inayokwenda kwenye spika kwenye mguu wa pili. Mguu upi uende wapi si kitu, kwa kuwa kapasita haina pande. Waya wa hasi uachwe kama ulivyo. Kiumeme kapasita ingefanya kazi ileile hata ukiiweka upande wa hasi, lakini kuiweka kwenye chanya ni desturi inayomsaidia fundi atakayefungua baada yako. Kabla ya kulehemu, pitisha kwenye waya mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, kisha uusogeze juu ya kiungo na kuupasha moto. Kusokota nyaya na kuzizungushia selotepu hakudumu mlangoni, ambako gundi huyeyuka kwa jua na mtikisiko hulegeza kila kitu.

Hakikisha hakuna ncha tupu inayoweza kugusa bati. Kwenye redio nyingi za kisasa hata waya wa hasi wa spika hubeba mawimbi na haujaunganishwa na bodi ya gari, hivyo waya wowote wa spika ukigusa bati unaweza kuua redio. Funga kapasita kwa kamba za plastiki mahali ambapo haitagonga, mbali na mitambo ya kioo, na upande wa ndani wa karatasi ya kuzuia maji, kwani maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku ya mvua. Acha nyaya zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye kapasita ili maji yakifuata waya yadondoke.

Kupima kabla ya kufunga kava

Usirudishe kava bado. Pima ukinzani kati ya waya wa chanya, upande wa redio, na waya wa hasi, ukiwa umeuchomoa kwenye redio: multimita inapaswa kuanza na namba ndogo na kupanda taratibu hadi ionyeshe kwamba njia haipitiki. Ikibaki kwenye omu 3 au 4, kapasita imeungana ndani au umeifunga vibaya.

Rudisha umeme na ucheze sauti ya jaribio ya masafa moja, inayolingana na ukomo wako, kwa sauti ndogo. Weka multimita kwenye volti za umeme unaobadilika na upime kabla ya kapasita, kisha kwenye ncha za spika. Ukiwa na volti 2 kabla, unatarajia takribani 1.4 kwenye spika. Pima pia kwenye kapasita yenyewe na utakuta karibu 1.4 tena, usishangae kuwa jumla inazidi 2, kwa maana mawimbi ya spika na ya kapasita hayafiki kileleni kwa wakati mmoja. Namba ikitofautiana kiasi na 1.4, sababu ni ule ukinzani wa spika unaobadilika kwa masafa. Mwisho weka muziki wenye besi na utazame koni: kabla ya kapasita ilikuwa ikionekana ikiruka, sasa inapaswa kuonekana karibu imetulia kwa sauti ileile.

Twita

Twita haiwezi kuishi bila kapasita hata kwa sauti ya wastani. Masafa ya asili ya twita nyingi yako kati ya hezi 1,000 na 2,000, na kwa kuwa mteremko wa kapasita moja ni mpole, ukomo uwe mbali juu ya hapo. Kapasita ya maikrofaradi 10 kwa twita ya omu 4 huweka ukomo karibu na hezi 4,000, ya 6.8 karibu na 5,900, na ya 4.7 karibu na 8,500. Anza na 6.8, kama sauti za juu zinachoma masikio, shuka hadi 4.7. Spika zenye twita katikati ya koni tayari zina kapasita ndogo iliyobandikwa nyuma, nayo inailinda twita tu, si koni kubwa. Twita za kununua kando huja nyingi zikiwa na kapasita kwenye waya wake, kwa hiyo chunguza kabla ya kuongeza ya pili, maana mbili kwa mfuatano hupunguza thamani na kupandisha ukomo.

Baada ya kufunga, jaribu kugeuza nyaya za twita, chanya kwa hasi, na usikilize ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Kapasita hubadilisha wakati wa mawimbi kufika, na mara nyingine twita iliyogeuzwa hulingana vizuri zaidi na spika ya mlangoni. Acha upande ambao sauti ya mwimbaji inasikika imejaa.

Hitilafu zinazoweza kujitokeza

Kama spika imenyamaza kabisa, tafuta kiungo kilichoachia. Baadhi ya redio za kiwandani hupima spika kwa umeme usiobadilika, na zikikuta kapasita husema spika haipo; katika hali hiyo chujio la amplifaya ndilo linalofaa. Kama sauti ilikuwa nzuri kisha ikawa nyembamba baada ya miaka kadhaa, kapasita ya elektroliti imekauka kwa joto la mlango na thamani yake imeshuka, jambo linalopandisha ukomo bila wewe kugusa kitu. Itoe, ipime, na ukikuta ya 220 inasoma 150 au chini yake, badilisha ya upande wa pili pia siku hiyohiyo, kwa kuwa zimekaa kwenye joto lilelile.